Tujue Kuzisoma Hesabu Kabla ya Kununua Hisa

Mtu wa Pemba anayekodi mikarafuu ya mwenziwe kwa msimu mmoja hatoi fedha yake kwa kuambiwa tu kwamba shamba ni zuri. Hulizunguka kwanza, akayatazama matawi, akauliza mwaka jana zilitoka pishi ngapi na mwaka juzi ngapi, wachumaji watalipwa kiasi gani, njia ya gari iko umbali gani, na kama mwenye shamba anadaiwa na mtu. Baada ya hapo ndipo hutaja bei. Lakini mtu huyo huyo, na hili tumeliona kwa macho yetu, akisikia kwamba kampuni fulani ya Dar es Salaam inauza hisa, huamkia benki na akiba yake ya miaka kumi bila ya kuuliza hata moja katika maswali hayo.

Hatusemi haya kwa kumcheka. Mikarafuu alifundishwa na babake. Hisa hakufundishwa na mtu. Soko la Hisa la Dar es Salaam liliundwa mwaka 1996 na likaanza kazi mwezi wa Aprili 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ikiwa ni ile ya oksijeni, TOL. Kwa miaka mingi biashara hiyo ilionekana kuwa ni ya wakubwa wachache wa Bara na wageni. Hivi sasa mambo yamebadilika. Mvuvi wa Micheweni mwenye simu na akaunti iliyoandikishwa sokoni anaweza kununua hisa za benki akiwa amekaa kivulini pembeni ya ngalawa yake. Mlango umekuwa mpana, na hilo ni jema; bali mlango ukiwa mpana huingia pia asiyejua anakwenda wapi.

Tunaona kwa hiyo kuwa ni wajibu wetu kueleza, kwa lugha ya kila siku, hesabu chache ambazo mtu yeyote aliyemaliza skuli ya msingi anaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi kabla ya kutoa senti yake. Hesabu hizi huitwa uwiano, kwa sababu kila moja inapima kitu kimoja kwa kingine: bei kwa pato, gawio kwa bei, deni kwa mtaji.

Tuanze na kosa ambalo ndilo kubwa kuliko yote. Watu husema kwamba hisa ya shilingi 460 ni rahisi na hisa ya shilingi 4,500 ni ghali. Kauli hiyo haina maana yoyote. Sinia moja ya halwa ukiikata vipande 20, kila kipande kitakuwa na bei yake. Ukiikata vipande 100, bei ya kipande itashuka, lakini halwa ni ile ile na haikuongezeka wala haikupungua. Benki ya NMB imekatwa katika hisa milioni 500. Benki ya CRDB imekatwa katika hisa zaidi kidogo ya bilioni 2.6. Basi hapana budi kipande cha CRDB kiwe na bei ndogo zaidi, na hilo peke yake halituambii ni kipi kilicho rahisi.

La kuuliza ni hili: kipande hiki kinaleta pato gani kwa mwaka? Mwaka 2023 NMB ilipata faida baada ya kodi ya takriban shilingi bilioni 545. Igawe kwa hisa milioni 500, utaona kwamba kila hisa ilizalisha kiasi cha shilingi 1,090. Mwaka huo huo CRDB ilipata takriban bilioni 424; igawe kwa hisa zake, kila moja ilizalisha kama shilingi 162. Hilo ndilo pato kwa hisa. Sasa chukua bei. Tukitumia bei za mfano zilizo karibu na zile za mwisho wa mwaka ule, yaani 4,500 kwa NMB na 460 kwa CRDB, mnunuzi wa NMB alikuwa akitoa bei iliyo mara 4 na kidogo ya pato la mwaka mmoja, na mnunuzi wa CRDB bei iliyo karibu mara 3. Zile hisa mbili ambazo kwa macho zilitofautiana mara kumi, kwa uwiano zimekaribiana sana.

Uwiano huo wa bei na pato ndio unaotajwa kuliko wote duniani, na husomeka hivi: iwapo pato litabaki kama lilivyo, itachukua miaka mingapi pato hilo kuifikia bei niliyoitoa? Mwalimu mashuhuri wa elimu hii, Benjamin Graham, aliyekuwa akisomesha New York katika karne iliyopita, aliwaonya wawekaji akiba waangalifu wasipite 15. Wapo vijana wetu waliosoma shauri hilo, wakatazama 4 na 3 za Dar es Salaam, wakadhani wameokota dhahabu njiani. Wasifanye haraka. Kipimo cha New York kilitungwa kwa soko ambalo mtu akitaka kuuza leo anauza leo. Kwetu zipo kampuni ambazo hupita siku nyingi bila ya hisa zake hata moja kubadilisha mkono, na mwenye shida ya kulipa ada ya mtoto huweza kulazimika kuziuza kwa bei ya kutupa. Ugumu huo wa kutoka ni sehemu ya sababu inayofanya bei za kwetu ziwe chini. Kampuni ya Dar es Salaam ilinganishwe na ya Dar es Salaam, tena iliyo katika kazi moja nayo: benki kwa benki, saruji kwa saruji.

Kisha uko mtego wa mwaka mmoja. Kila Mpemba anajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka; huja mwaka wa neema, baada yake ikafuata miaka ya mapumziko. Atakayepanga bei ya shamba kwa kutazama mwaka wa neema peke yake atajuta. Kampuni nazo ndivyo zilivyo. CRDB hiyo hiyo mwaka 2015 ilipata faida ya zaidi ya bilioni 120, na mwaka 2017 ikashuka chini ya bilioni 40. Ilikuwa ni miaka ambayo mikopo isiyolipika katika mabenki ya nchi ilipita asilimia 10 ya mikopo yote, hali ya kuwa Benki Kuu inataka isizidi 5. Aliyenunua mwaka 2015 kwa kuangalia pato la mwaka ule aliona bei rahisi. Kumbe pato ndilo lililokuwa karibu kuanguka. Na aliyeuza kwa hofu mwaka 2017 naye hakuiona 2023. Kwa hiyo tazama miaka mitano, na kama inapatikana kumi, na kwa benki ongeza swali moja: katika kila shilingi 100 ilizokopesha, ni ngapi ambazo hazirudi?

Baadhi ya wazee wetu husema kwamba wao hawataki habari za pato la kampuni, wanataka kujua watapokea nini mkononi. Wana haki. Kwa mwaka 2023 NMB ilitoa gawio la shilingi 361 kwa hisa. Aliyekuwa amenunua kwa 4,500 alipata asilimia 8 ya fedha yake kabla ya kodi ya gawio. CRDB ilitoa 50, na kwa bei ya 460 hiyo ni karibu asilimia 11. Tusishie hapo, bali tuulize gawio hilo ni sehemu gani ya pato. Katika mabenki yote mawili lilikuwa kiasi cha thuluthi. Thuluthi mbili zilibakia ndani kukuza mtaji. Kampuni inayogawa thuluthi inaweza kuendelea kugawa hata mwaka mbaya ukija. Kampuni inayogawa pato lote, au zaidi ya pato kwa kukopa au kuuza mali, inakula mbegu. Kwa hivyo gawio kubwa mno, badala ya kumfurahisha mtu, limshtue.

Wengine hulinganisha gawio na hati fungani za Serikali, na kweli hati ya miaka 20, kabla ya kiwango kupunguzwa mwaka 2022, ilikuwa ikilipa asilimia 15.49 kwa mwaka. Mbele ya namba hiyo 8 huonekana ndogo. Tofauti ni kwamba riba ya hati haikui, ilhali gawio la NMB lililokuwa 286 kwa mwaka 2022 lilikuwa 361 kwa mwaka 2023. Linaweza pia kushuka, na hapo hakuna wa kumlalamikia.

Tunakuja kwenye deni, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopotelea. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni mbili za boti, kila moja imenunua boti ya shilingi bilioni 10. Ya kwanza imelipa yote kwa mtaji wa wenyewe. Ya pili imetoa bilioni 2 na kukopa 8 kwa riba ya asilimia 15, yaani inalipa riba ya bilioni 1.2 kila mwaka. Mwaka ukiwa mzuri, kila boti huacha bilioni 2 baada ya mafuta, mabaharia na matengenezo. Kampuni ya kwanza imepata 2 juu ya mtaji wa 10, nayo ni asilimia 20. Ya pili, baada ya kulipa riba, imebakiwa na bilioni 0.8 juu ya mtaji wa 2, nayo ni asilimia 40! Magazeti yataisifu ya pili, na nahodha wake ataitwa hodari. Sasa uje mwaka kama 2020, wageni wasije, pato la boti lishuke likawa bilioni 1. Ya kwanza bado imepata asilimia 10. Ya pili inadaiwa riba ya 1.2 na mkononi ina 1. Imeingia hasara, na mtaji wake mdogo umeanza kuliwa. Bahari ilikuwa moja na boti zilikuwa sawa. Kilichozitenganisha ni uwiano wa deni na mtaji: sifuri kwa ya kwanza, 4 kwa moja kwa ya pili. Ndiyo maana anayesifiwa kampuni kwa faida kubwa juu ya mtaji aulize mara moja: na deni lake likoje?

Mabenki yana kipimo chao katika jambo hili, kwani kazi yao yenyewe ni kufanya biashara kwa fedha za watu. Kwao huangaliwa kama mtaji unatosha kubeba mikopo waliyoitoa. Mwezi wa Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 ndogo za Bara kwa siku moja kwa sababu mtaji haukutosha. Hazikuwa za wezi. Nyingine ziliundwa na wakulima na akina mama kwa nia njema kabisa.

Thamani ya vitabuni, yaani mali zote za kampuni ukitoa madeni yote na kugawa kwa idadi ya hisa, inasaidia pia, ila tunaipita upesi kwa kuwa inadanganya kwa urahisi. Kiwanda kilichoandikwa vitabuni kwa mabilioni huweza kuwa ni mabati yenye kutu. Kampuni ya sukari ya Mumias, ya magharibi mwa Kenya, iliwauzia wananchi hisa mwaka 2001 kwa shilingi 6.25 za Kenya. Mitambo ilikuwepo, mashamba yalikuwepo, na mwaka 2019 benki iliyoidai ikaichukua chini ya usimamizi wake. Bei inayoonekana kuwa chini ya mali ya kampuni ni sababu ya kwenda kuitazama mali hiyo kwanza.

Lililotusukuma hasa kuandika maoni haya ni hisa mpya zinapotangazwa kwa ngoma na tarumbeta. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na watu wakakopa ili wanunue. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2008 ilikuwa takriban bilioni 13.9, na hisa zote za kampuni bilioni 40. Pato kwa hisa lilikuwa senti 35 hivi. Mnunuzi alikuwa akilipa zaidi ya mara 14 ya pato. Mwaka uliofuata faida ikashuka ikawa kama bilioni 10.5, na mwanzoni mwa 2009 hisa ikauzwa chini ya shilingi 3. Aliyekopa aliuza kwa hasara. Aliyetumia fedha yake mwenyewe akatulia, aliiona ikipita shilingi 40 mwaka 2021. Kampuni ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Ila bei ya siku ya kwanza na mkopo wa mnunuzi havikuwa vizuri.

Kwetu Tanzania, sheria ilizitaka kampuni za simu ziwauzie wananchi asilimia 25, na mwaka 2017 Vodacom ikauza hisa milioni 560 kwa shilingi 850. Zidisha 850 kwa hisa zake zote bilioni 2.24, utapata kampuni ya shilingi trilioni 1.9. Ni wangapi waliozidisha? Haikuchukua muda bei ikateremka chini ya 850, ikakaa huko miaka mingi. Mwezi wa Julai 2021 zikaja tozo za miamala ya simu, na kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022 kampuni ikatangaza hasara. Pato likiwa hasara, uwiano wa bei na pato haupo tena. Hakuna cha kugawanya. Na hapa tunawaomba Waheshimiwa wanaotunga kodi wakumbuke kwamba baada ya Serikali kuwashawishi wananchi kununua hisa za kampuni, kila tozo inayowekwa juu ya kampuni hiyo huingia katika mfuko wa mwananchi yule yule.

Liko jambo jingine ambalo kwa Visiwa vyetu haliwezi kuachwa. Wengi wa wasomaji wetu ni Waislamu, na wanauliza kama hisa ni halali. Hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Hiyo ni kazi ya masheikh. Tunasema tu kwamba masheikh wenyewe hutumia uwiano. Taasisi ya Bahrain ijulikanayo kwa jina la AAOIFI, ambayo viwango vyake hufuatwa na mabenki mengi ya Kiislamu, inataka kwanza kazi ya kampuni iwe halali. Kisha madeni yake ya riba yasifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote. Kwa kipimo hicho benki ya riba na kiwanda cha bia hutoka mlangoni, na mfano wetu wa NMB na CRDB hapo juu ubakie kuwa mfano wa hesabu. Lakini kampuni ya saruji au ya gesi haiwezi kuhukumiwa kabla ya mtu kufungua hesabu zake akaona deni lake. Mwenye kuogopa riba ana sababu kubwa zaidi ya kujifunza hesabu hizi kuliko asiyeogopa.

Kwa wakubwa wa Serikali tuna maneno mawili. La kwanza ni kuhusu fedha za umma. Tangu mwaka 1998 wafanyakazi wa Zanzibar wanakatwa mishahara yao kwa ajili ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, na mashirika yetu mengine nayo yana akiba inayotafutiwa pahala pa kuwekwa. Wajumbe wa bodi wanaopelekewa shauri la kununua hisa wasikubali karatasi isiyokuwa na pato kwa hisa la miaka mitano, uwiano wa bei, sehemu ya pato inayogawiwa, na deni kwa mtaji, vyote vikilinganishwa na kampuni nyingine za kazi ile ile. Mjumbe asiyeelewa aulize kikaoni. Fedheha ya kuuliza ni ya dakika moja, na pensheni ya mwalimu wa Makunduchi ni ya maisha yake.

La pili ni lugha. Waraka wa matarajio, ambao ndiyo karatasi inayomweleza mnunuzi kila kitu, aghalabu huwa kitabu kizito cha Kiingereza, na kinachofika kwa mwananchi kwa Kiswahili ni tangazo lenye picha ya familia inayocheka. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana inaweza kuamuru kwamba kila hisa zinapouzwa kwa wananchi pawepo ukurasa mmoja wa Kiswahili, mwanzoni kabisa, wenye zile namba tano au sita tulizozitaja, pamoja na za kampuni mbili za kulinganisha. Tumewahi kuambiwa kwamba wananchi hawatausoma. Mtu anayehesabu pishi kwa pishi mbele ya mizani ya karafuu, na kugombana kwa ajili ya robo kilo, atausoma.

Anayetaka kujaribu asingoje hisa mpya. Mabenki hutangaza hesabu zao za mwaka katika miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, na mikutano mikuu ya wanahisa aghalabu hufanyika Mei na Juni. Mwenye hisa 10 huingia katika mkutano ule sawasawa na mwenye milioni 10, na ana haki ya kusimama na kuuliza mwenyekiti kwa nini deni limepanda.